Kamera Yangu Haizikwi

Antsirabe,
Nyuma ya soko la Jumamosi,
Tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mwanangu Voahirana,

Nakusalimu kwa kifua kizima. Hujambo huko Reunion? Mgongo wako je, ule uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia mashuka ya wageni hotelini? Mumeo hajambo? Na yule mdogo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kibogoyo kama mimi? Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu ilitukomesha, asubuhi ukiamka majani meupe kwa barafu, nalala na mablanketi matatu na paka juu yake. Lakini nipo. Nakula, natembea, na naona. Fanja, liandike hilo neno mara mbili. Naona. Utajua mbele kwa nini nasema hivyo.

Anayeandika ni Fanja, mke wa mwanangu Mamy. Nimemwambia aandike kama ninavyotamka, asinitengenezee maneno yakawa ya mwalimu. Kusoma sijui, lakini akimaliza atanisomea, na uongo nausikia hata ukipita pole pole.

Kwanza lenzi. Ile lenzi pana uliyonitumia mwaka jana, mwanangu, sijakushukuru ikatosha. Ile ya zamani ya mume wangu, baba yako mkubwa Ranjeva, Mungu amlaze, ukitaka kupiga ukoo wa watu sitini ilikubidi urudi nyuma, urudi, urudi mpaka uingie shambani kwa watu. Si ulisikia alivyotumbukia kwenye jaruba la mpunga kule Betafo? Mwili wote matopeni, kamera ameinyanyua juu kama mtoto mchanga anayebatizwa. Watu wakaiokoa kamera kwanza. Mwenyewe alisubiri.

Na vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi ulivyoviweka kwenye furushi navyo niliviona, hasa kile cheusi cha kupunguza jua. Nitakuja kwenye hicho kioo. Usikasirike nitakapofika hapo.

Sasa sikiliza mambo yaliyonipata.

Mwezi uliopita ukoo wa Mzee Ralaivao, wale wa Ambohimarina, waliwatoa wazee wao kaburini kuwavisha sanda mpya. Ilikuwa miaka saba hawajawageuza. Shughuli ilikuwa shughuli kweli! Tarumbeta mbili, ngoma, wali wenye mafuta ya nguruwe mpaka midomo inang'aa, na wazee wakachezwa mabegani hadi vumbi likapanda. Mimi ndiye mpiga picha wao tangu Ranjeva yu hai, kwa hiyo hawakuuliza mtu mwingine.

Picha ya ukoo mzima tuliipiga asubuhi ya pili, mbele ya kaburi. Watu themanini na kitu. Nyuma yangu kuna shimo walikochota udongo wa matofali, hata hatua moja ya kurudi haipo. Nikasema leo ndiyo siku ya lenzi ya Voahirana. Nikawapanga. Mzee Ralaivao, miaka themanini na sita, yeye hapangwi, anajua mahali pake: nyuma kabisa, kushoto kwangu, juu ya benchi. Kaskazini mashariki. Kona ya wazee, hakai mwingine pale maadamu yeye anapumua.

Jua lilikuwa linanichoma usoni kutoka upande ule ule. Nikaivisha lenzi. Kwanza kioo cha Ranjeva, kile chenye pete nene ya shaba, nilichokihamisha kutoka lenzi yake kwa ile pete ya kuunganishia. Unajua sipigi picha yoyote bila kioo kile. Alikuwa anakifuta kwa kipande cha sanda ya zamani ya baba yake, tangu siku walipomgeuza baba yake, na mimi nakifuta kwa kitambaa hicho hicho mpaka leo. Juu ya kioo chake nikafunga kioo chako cheusi. Juu ya vyote nikaweka kofia ya lenzi, ile ndefu ya Ranjeva, jua lisiingie. Nilivyoipamba! Kama bi harusi aliyepokea zawadi nyingi akaamua avae zote.

Nikapiga. Nikatazama kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, nikaona sura yangu mwenyewe. Jua likipiga pale, hata mwewe haoni kitu. Nikasema imetoka.

Haikutoka, mwanangu. Fanja alikwenda kuichapa mjini, kubwa, tukaitia fremu, tukaipeleka Ambohimarina imefungwa kwa karatasi. Lalao, yule binti mkubwa wa Mzee Ralaivao, akaifungua mbele ya watu. Picha imekaa vizuri katikati, unawahesabu mpaka vifungo. Lakini kona ya kaskazini mashariki ni giza. Mzee Ralaivao anaonekana kuanzia kifuani kwenda chini. Kichwa hakuna. Kimemezwa, kama mtu aliyefunikwa nguo nyeusi.

Mzee akasema, "Lete." Akaitazama. Akarudisha fremu taratibu mikononi mwa Lalao. Akasema, "Wazee wameniita." Basi. Akaingia ndani, akajilaza, akageukia ukutani. Chakula hataki. Maji ya ukoko, yale yanayochemshiwa kwenye ukoko wa wali, ambayo mzee yule hajayakosa hata siku moja tangu azaliwe, hataki.

Siku ya tatu yake, Jumatatu jioni, nimekaa nachambua mchele, wakaja watatu. Lalao, mumewe, na Razafimbelo yule mnajimu, anayewapangia watu siku za kuoa na za kuzika. Wakakaa. Unawajua watu wetu, hawakuingia moja kwa moja. Hotuba kwanza. Tunaomba radhi sisi wadogo kusema mbele ya mkubwa, tunaomba radhi kwa kivuli cha marehemu Ranjeva, jiwe halisemi na mlima, nini na nini. Mchele wangu ukaisha kuchambuliwa wangali wanaomba radhi. Nikajua hapa kuna kisu chini ya mkeka.

Kikatoka. Razafimbelo akasema wazee wamemfunika Mzee Ralaivao uso kwa sababu ya kamera yangu. Ati kamera ya mjane, inayobeba kioo cha maiti, imewachungulia wazee wakiwa wazi. Dawa yake ni moja: kamera izikwe chini ya kaburi kabla ya jua la Alhamisi kuchomoza. Wazee watamfunua, mzee atakula. Shimo, akasema, limeshachimbwa.

"Shimo la nani?" nikamuuliza.

"La kamera, mama."

"Aa. Nilidhani umenipima mimi."

Lalao akaanza kulia. "Mama Raharivelo, baba yangu anakufa. Kamera ni chuma tu."

Mwanangu, hapo moyo ulinikata, maana analia kweli, si wa kuigiza. Lakini chuma tu? Chuma hiki kimenilisha, kimemsomesha Mamy, kimemzika Ranjeva kwa heshima. Nikaomba ile picha. Nikaishika mbele yao, nikasema, "Razafimbelo, wewe ni mtu wa pembe na nyota. Nionyeshe giza liko wapi."

Akaonyesha, kaskazini mashariki, juu kushoto.

"Na hapa?" Kusini magharibi, chini kulia. Nyeusi. "Hii nayo je? Hii si kona ya wazee. Nyumbani kwangu kona za kusini nafunga kuku. Na huku? Na huku? Kona nne zote zina giza, ninyi mmeona moja kwa sababu ndiyo mliyokuja kuitafuta. Au wazee wamewaita na kuku?"

Mume wa Lalao akakohoa, kicheko kilimponyoka. Razafimbelo akakunja uso. "Usifanye mzaha na wakubwa."

"Sifanyi mzaha. Nahesabu kona. Nitakuja Jumatano kwa miguu yangu. Kamera yangu haizikwi."

Wakaondoka. Sasa nikwambie ukweli maana wewe ni damu yangu: walipotoka tu, nikaitoa kamera nikaigeuza huku na huku. Kwa sababu nilikuwa nimeshasema sana, na giza lile lilitoka wapi sikujua. Fanja akaniambia kwa upole, "Mama, labda ni macho." Fanja, usiache kuandika, ulisema. Mamy naye akapiga simu kutoka mji mkuu, Tana: "Mama, umri umekwenda, iuze hiyo kamera ukae upumzike." Nikamwambia umri umekwenda wapi? Upo hapa, tumekaa nao. Nikakata simu.

Usiku ule sikulala, Jumanne asubuhi nikamkumbuka Ranjeva. Alikuwa akisema, picha ikikuudhi usipige kelele, ivue kitu kimoja kimoja, mwenye kosa atabaki uchi. Nikatoka na kamera mpaka kwenye ukuta wa jirani, ule alioupaka chokaa kwa ajili ya harusi ya bintiye. Mweupe mzima. Kama kuna giza, halina pa kujificha.

Nikapiga lenzi ikiwa imevaa kila kitu. Nikajifunika shuka kichwani mimi na kamera, nione vizuri. Kona nne nyeusi, hizo hapo. Basi si wazee wa Ralaivao, maana jirani yangu hana kaburi ukutani.

Nikazungusha lenzi ivute karibu, iache kuona upana. Giza likakimbia. Nikairudisha kwenye upana, likarudi. Nikasema ehee, nimekushika mkia.

Nikavua kofia. Nikapiga. Giza nusu limekwenda! Likabaki kama moshi wa jikoni. Unaona, mwanangu, kofia ile ilikuwa ya lenzi ndefu, inayotazama mbali kwa jicho jembamba. Lenzi yako inaona huku na huku mpaka kwenye masikio yake. Ukiivisha kofia ndefu, inaiona kofia yenyewe! Ni kama kutembea umejifunika shuka mpaka mashavuni halafu ushangae njia imekuwa nyembamba.

Nikavua kioo chako cheusi. Samahani. Moshi ukapungua. Kioo chenyewe hakina ubaya, ila kilipanda juu ya kingine, na pete zikawa zimejenga ukuta.

Bado ncha za kona zilikuwa na kivuli, kadiri ya ukucha. Na kilichobaki kwenye lenzi ni kioo cha Ranjeva.

Nikakaa chini kwenye jiwe la jirani. Tangu afe, miaka minane, kamera haijatazama kitu isipopitia kwake kwanza. Nilikuwa nikisema yeye ndiye anaona, mimi nabonyeza tu. Nikamkasirikia. Nikasema na wewe nawe, mzee, hata leo unanisimamia njiani?

Halafu nikajicheka. Sisi si ndio tunaofungua makaburi? Tunamtoa baba, tunamvua sanda iliyochakaa, tunamvisha mpya, na hakuna anayesema tumemfukuza. Cha zamani kinatoka ili apate hewa. Mimi peke yangu ndiye nimemfunga Ranjeva kwenye pete ya shaba miaka minane bila kumgeuza.

Nikakifungua. Kikakataa! Kimeng'ang'ana kama yeye mwenyewe akiambiwa aende kwa daktari. Nikachukua ule mpira wa kufungia mboga, nikauzungushia pete ili vidole visiteleze, nikasokota pole pole. Kikatoa mlio, kikaachia.

Nikapiga. Ukuta mweupe mpaka kwenye kona. Nikalia kidogo. Fanja, na hilo liandike.

Jumatano nikaenda Ambohimarina. Riksho ilinifikisha mwisho wa lami, mlima nikaupanda mwenyewe. Na kamera nikaivisha tena kila kitu, kofia, kioo cheusi, kioo cha Ranjeva, kama siku ile ile. Nilikuwa na shauri langu.

Shimo nililiona kweli, limechongwa vizuri, jembe limesimama pembeni. Nikalipita. Nikaingia uani nikasema mtoeni mzee nje. Lalao akasema, "Atakufa mlangoni." Kumbe mzee anasikia.

"Nani anapiga kelele?"

"Raharivelo."

"Umeileta kamera?"

"Nimeileta. Haijafa. Na wewe hujafa, maana maiti haulizi maswali. Toka nje, Ralaivao."

Tukasikia kitanda kinalia. Wakamtoa wamemshika huku na huku, amekonda mpaka shingo imekuwa ya kuku. Nikamkalisha kwenye kiti katikati ya ua, ukoo ukamzunguka. Nikamgeukia Razafimbelo. "Wewe panda benchi lile la uani. Kona ya kaskazini mashariki."

"Mimi si mkubwa wa ukoo huu. Siwezi kusimama pale."

"Basi simama kona ya kuku. Chagua, baba."

Wakacheka, hata watoto wa Lalao. Akapanda benchi. Nikapiga. Nikatandaza shuka juu ya kichwa changu na cha Lalao, nikamwonyesha. Baba yake katikati, safi, mpaka ndevu zinahesabika. Kule konani, Razafimbelo hana kichwa.

"Sasa nani ameitwa?" nikamuuliza.

Lalao akapiga kelele. Razafimbelo akaja mbio akatazama, akashika shingo yake mwenyewe, nakwambia aliishika kwa mikono miwili! Nikamwambia rudi kwenye benchi, usikimbie, dawa ninayo. Nikavua kofia mbele ya wote, nikapiga: kidevu kikatokea. Nikavua kioo cheusi: pua ikatokea. Nikavua kioo cha mume wangu, nikapiga. Razafimbelo huyo mzima, amekodoa macho kama chura.

Kila picha nilimpelekea Mzee Ralaivao chini ya shuka. Ile ya mwisho aliitazama mpaka nikadhani amelala. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa kofia?"

"Kofia na vioo viwili. Nilizidisha mapambo. Kosa ni langu, si la wazee wako, na si la kamera."

"Miaka themanini na sita," akasema. "Nimepona tauni, nimepona njaa, nimepona mke wangu wa kwanza. Nilitaka kufa kwa kofia." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kicheko tena. Lalao akakimbilia jikoni bila kuambiwa. Alikunywa maji ya ukoko vikombe viwili, Voahirana, akala na wali.

Watu wakasema basi tupige picha nyingine, mzee akae katikati, ni salama. Akakataa! Akasimama kwa fimbo. "Katikati wanakaa maharusi. Nirudishieni kona yangu." Tukaenda wote kaburini. Akapanda benchi lake. Nikapiga lenzi ikiwa tupu kama ilivyozaliwa, jua nikalikinga kwa kiganja changu mwenyewe, nje ya jicho la lenzi. Imetoka. Mikunjo yote ipo. Sasa ananilalamikia kwamba mapengo yanaonekana.

Shimo alilifukia Lalao mwenyewe, kwa jembe lile lile, amevaa viatu vya Jumapili. Wakataka kuichoma ile picha mbaya. Nikawaambia ipumzisheni, ni kazi yangu, niliikosea mwenyewe. Nimeitundika hapa kwenye duka langu la picha juu ya mlango. Anayeuliza, namweleza. Asiyeuliza, namweleza vilevile.

Nina ombi moja. Ukipata, nitumie kofia ya lenzi hii yenyewe, ile fupi, wala usiongeze kioo kingine. Lenzi pana inataka kuvaa kidogo.

Na kioo cha Ranjeva nimekifunga kwenye kitambaa chake. Mwakani, msimu wa baridi, zamu ni yetu: tunamgeuza baba yako mkubwa. Kioo nitakiweka kifuani pake, ndani ya sanda mpya, akitazame mwenyewe anachotaka. Wewe uje, na mumeo, na huyo kibogoyo. Mamy anasema tukodi mpiga picha wa Tana, kwa sababu mkubwa wa ukoo sasa ni mimi na kona ya kaskazini mashariki ni yangu. Nimemjibu nitapiga mimi na nitasimama mimi. Kamera ina miguu mitatu na inasubiri sekunde kumi kabla ya kujipiga yenyewe. Nimeshajaribu hapa uani. Nafika kwa sekunde nane.

Msalimie mumeo. Msalimie dada yangu Bakoly akikupigia simu, mwambie asali apunguze, goti alipake mafuta. Msalimie wifi yako Hanta. Fanja anakusalimu, mkono umemuuma. Mzee Ralaivao naye anakusalimu, amesema asante kwa lenzi lakini vioo vyako ubaki navyo.

Mungu akukinge, na wazee wetu wakutazame usoni bila kitu katikati. Usikae kimya tena miezi mitatu.

Mimi mama yako mkubwa, anayekupenda na mwenye kamera yake bado,

Raharivelo